Mbegu ya Mtindi wa Mwanawetu

Jumatatu, 6 Mei 2024

Msiba! Kibuyu kimeoshwa.

Raisa, mke wa mwanangu Zaid, kaja kutusaidia — Mungu ambariki, mikono yake haitulii. Nesi alisema vyombo vyote vya mgonjwa visafishwe, vijidudu vife. Basi kachemsha vikombe, kachemsha vijiko, na kibuyu cha mtindi kakitia dawa. Kinanuka kama choo cha hospitali! Mle ndimo ilimokaa mbegu yetu, yaani masalio ya mtindi wa jana yanayogandisha maziwa ya leo. Mke wangu, Mwanawetu, kailea mbegu ile tangu nilipomuoa. Vijidudu vimekufa kweli.

Nikamwambia Raisa, umefanya vizuri mwanangu. Nikaenda uani kumtukana mbuzi.

Dawa za kansa zimemchubua Mwanawetu kinywa chote. Uji anatema. Supu anatema. Mtindi wa mbuzi tu ndio unaoteremka. Daktari kasema asipokula hawezi kuendelea na dawa. Na asipoendelea — siandiki.

Jumatano, 8 Mei

Jana nilitia kijiko cha yogati ya dukani kwenye maziwa, nikayafunga blanketi, nikayasomea Fatiha. Leo ni maziwa yale yale, ila yananuka vanila. Mwanawetu kanusa, kageuza uso. Eti, Baba Zaid, hii pafyumu ya mwanamke gani?

Nilicheka. Kisha nikatoka nje, nisionekane.

Mbuzi naye anakausha. Jina lake Mke Mwenza, nilimpa ili bibi audhike. Mwanawe kakua, sasa anatoa kikombe kimoja tu kwa siku. Nikikosea, siku imekwenda na mgonjwa hajala.

Alhamisi, 9 Mei

Nimekwenda Kabalagala, duka la vitu vya kizungu. Kijana wa miwani kaniuzia chachu ya unga, ya kugandishia mtindi. Kasema haishindwi hiyo, ssebo, yaani bwana. Maelezo kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, na mimi shule niliiachia darasa la nne! Nimeambulia haya: chemsha, acha ipoe iwe vuguvugu, tia unga. Nikachemsha. Nikatia kidole. Vuguvugu kabisa. Nikatia unga.

Ijumaa, 10 Mei

Mabonge chini, maji ya kijani juu. Nimewapa kuku — wamekataa!

Mwanawetu hajala tena. Macho yamezama. Kaninong'oneza nisijisumbue. Yeye! Mwanamke aliyenisumbua maisha yangu yote, leo ananiambia nisijisumbue. Hapo ndipo nilipoogopa.

Imebaki mbegu moja hapa Makindye ninayoijua. Ya Huguette, jirani yetu Mkongomani. Anauza mashanza, mtindi wa ng'ombe wa kwao Masisi. Na mimi mdomo wangu huu! Kila nikipita hapo namwambia mbele ya wateja, mama, mashanza yako yananuka soksi za askari. Sasa niende na kikombe mkononi? Afadhali nife.

Lakini anayekufa si mimi.

Jumamosi, 11 Mei

Nimekwenda. Wateja wamejaa, wanawake watupu. Huguette kaniona na kikombe, kapiga makofi: "Papa Uthman! Soksi zimekuishia nyumbani?"

Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Nikaomba mbegu. Kasema kwao mtu aliyetukana maziwa hapewi mbegu mpaka ayanywe mbele za watu. Kanijazia kopo. Nikanywa lote. Aibu juu ya aibu — matamu! Hilo sikumwambia.

Kauliza mgonjwa ni nani. Nilitaka kutania. Nikasema ni mke wangu, hali kitu.

Kafunga duka, kachukua mtungi wake mwenyewe, tukaja. Maziwa nilikuwa nimekwisha kuyachemsha, kikombe hakikujaa. Nikatia kidole, nikasema tayari. Huguette katia chake — karuka!

"Aa, Papa! Hii moto! Unataka kuniulia mbegu?"

Nikakitazama kidole changu. Umri mzima naziba matobo ya masufuria ya watu kwa risasi iliyoyeyushwa motoni. Ngozi imekuwa kwato, haisikii kitu! Kumbe ile chachu ya Kabalagala niliipika mwenyewe. Na ya vanila labda nayo.

Tukangoja kidole cha Huguette kiridhike. Katia mbegu, kakoroga taratibu. Katuonya: maziwa ya mbuzi hayagandi magumu kama ya ng'ombe, yakitikiswa yatakatika. Tusifunue mpaka jioni. Kisha sufuria kaiweka kitandani, ndani ya blanketi, ubavuni mwa Mwanawetu. Eti joto la mtu lafaa. Mwanawetu kaizungushia mkono kama anamlaza mtoto. Kalala.

Tangu ajue habari ya kibuyu, Raisa kaogopa kugusa chochote chumbani. Nimemwambia akae na sisi.

Adhuhuri imeadhiniwa. Naandika hapa kitandani, miguuni pake. Kafumbua macho.

Kasema, nipe.

Nikauliza nini.

"Mtindi, Baba Zaid. Nina njaa."

Njaa! Wiki nzima hajalitamka neno hilo. Nikamwambia bado, mpaka jioni, Huguette kakataza. Kasema jioni haijui, anajua sasa.

Mke Mwenza asubuhi kanipiga teke baada ya tone la mwisho, chuchu zimekauka. Maziwa mengine ya mbuzi hakuna, na ya ng'ombe anatema. Nikifunua mapema nitayaharibu haya. Nikingoja, nani kaniahidi kwamba jioni atataka tena?

Raisa kanipa kijiko, haniangalii. Mkono wangu uko juu ya kifuniko. Mwanawetu kafungua kinywa, anangoja —