Mguu wa Mjusi

Kaka yangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba kile kikohozi kimekupa nafasi ya kupumua. Mama naye vipi magoti yake? Mwambie dawa ya kuchua niliyomwahidi nilimwomba mchua misuli wa timu akanipa chupa mbili, ila moja imevunjikia ndani ya basi, na utaona hapa chini ilivunjikaje. Mimi ni mzima wa mwili. Nina nyuzi nne juu ya jicho na meno yangu yote, jambo ambalo kipa wetu hawezi kulisema.

Najua umeshangaa kupata barua wakati simu ipo. Kwenye simu huniachi nimalize. Juzi ulipopiga ulikuwa unalia kwa furaha, ukaniambia watu wamejazana kwenye chumba chako cha ushonaji hadi huwezi kuifikia cherehani, na kwamba sasa sisi na wale tumekuwa sawa. Nikaitikia ndiyo Kaka, ndiyo Kaka, kama zuzu. Ndiyo maana naandika. Leo ni Alhamisi, saa nne asubuhi. Saa tisa naingia mbele ya kamati ya mashindano kueleza nilichomfanya Mjusi. Katibu wa chama chetu ameniandalia karatasi inayosema ilikuwa ajali, niliufuata mpira, nasikitika. Nikiitia saini, Jumamosi nacheza fainali ya mataifa ya Kiislamu, mechi tuliyoiota mimi na wewe tangu tukicheza na mpira wa matambara. Nisipotia saini, huenda nisivae njumu tena maisha yangu yote.

Mechi yetu ya nusu fainali na wale jirani zetu uliiona. Tangu filimbi ya kwanza tulikuwa tunapigana, na nani alitegemea vingine, miaka sita tu tangu vita vya mpakani? Kiungo wetu alikula kiwiko, pua ikahamia shavuni. Mimi nilimkanyaga mtu vidole kwa makusudi na sikumwomba radhi. Chupa zilikuwa zinaruka kutoka jukwaa hadi jukwaa. Kazi yangu mimi ilikuwa moja tu, kumzuia namba kumi na moja wao, yule mwembamba wanayemwita Mjusi. Dakika ya arobaini akapitisha mpira katikati ya miguu yangu, akanizunguka, akaukuta upande wa pili. Uwanja mzima ulicheka. Hata benchi letu lilicheka. Nilimwona mchua misuli akiuficha uso kwa taulo.

Ambacho televisheni haikuonyesha ni mapumziko. Alasiri ilikuwa imeingia, wakaongeza muda ili watu waswali. Vyumba vya kubadilishia nguo ni vidogo, basi wakatandika jamvi moja refu kwenye ujia, timu zote mbili tukaswali pamoja. Refa ndiye aliyetuswalisha, na hapo hakuna aliyembishia. Alitugeukia akatuambia tunyooshe safu, tuzibe mapengo, mguu kwa mguu. Nikasogea kulia kuziba pengo, nikagusa mguu wa mtu. Ulikuwa mguu wa kushoto wa Mjusi. Ulikuwa wa baridi kwa maji ya udhu, na ukucha wa kidole gumba ulikuwa mweusi kama wangu. Sote tulikuwa wasafiri, tukapunguza, tukaswali rakaa mbili. Alipogeuka upande wangu kutoa salamu ya pili alinitabasamia. Kisha tukaingia chumbani, kocha akafunga mlango na kusema namba kumi na moja asimalize mechi.

Dakika ya hamsini na nane nikammaliza. Mpira ulikuwa umeshaondoka, Kaka, nauona mpaka sasa jinsi ulivyokuwa umeshaondoka. Niliruka na miguu yote miwili, njumu mbele, nikampata kwenye goti la mguu aliokuwa ameukanyagia, ule ule wa kushoto. Ulilia kama tawi bichi. Alipoanguka, kisigino chake kilikuwa kimegeuka mahali ambapo kisigino hakikai.

Baada ya hapo sikumbuki kwa mpangilio. Nahodha wao alinipiga kichwa, ndizo nyuzi hizi. Kipa wetu alikuja kunitetea, akapigwa mdomoni kwa mti wa kibendera cha kona, akabaki ameinama anaokota meno kwenye majani. Mashabiki walishuka, wao na wetu, wakang'oa viti. Nilimwona mzee mwenye kofia safi kabisa akimkanyaga kijana kifuani, tena na tena, bila haraka. Polisi wakaja na virungu na mabomu ya machozi, wakapiga yeyote aliyekuwa karibu. Mechi iliishia hapo, na kwa kuwa tulikuwa mbele kwa bao moja, fainali tukapewa sisi. Machela ilikuwepo, lakini watu walikwishaivunja wakachukua vyuma vyake kupigania. Kwa hiyo wakaenda kuchukua jamvi ujiani. Mjusi alitolewa uwanjani juu ya jamvi lile lile tuliloswalia, watu sita wamelishika pembeni, damu inadondoka.

Kwenye basi mawe yalivunja vioo vyote vya upande wa kushoto, na hapo ndipo dawa ya Mama ilipokwenda. Hotelini wenzangu walinizunguka kuniuliza imekuwaje. Nikawaambia nimefanya kwa ajili ya kaka yangu, aliyeacha mguu wake kwenye bomu la ardhini la watu wale. Wakaninyanyua mabegani. Nahodha wetu alilia. Ndipo ukapiga wewe, nawe ukalia.

Jana nilikwenda hospitali. Mjomba wa Mjusi alinikuta mlangoni akanizaba kofi lililonitoa machozi, kisha akanifungulia mlango mwenyewe. Mshipa wa damu nyuma ya goti ulikuwa umekatika, madaktari wakangoja usiku mmoja, halafu wakaukata mguu juu ya goti. Shuka lilikuwa limelala bapa upande ule, kama linavyolala lako. Aliniuliza kama ni mimi niliyesimama kushoto kwake kwenye swala. Nikasema ndiyo. Halafu, Kaka, nisamehe, nikamweleza habari zako, ili anionee huruma.

Sasa nikuambie lile lililonifanya nichukue kalamu. Sikufanya kwa ajili yako. Uliponiambia kabla ya safari nisirudi bila mguu wa mmoja wao, uuhifadhi uvunguni pamoja na viatu vyako vya kushoto, ulicheka mpaka ukakohoa, na shemeji akakugombeza. Nilijua unatania. Kocha naye hakusema nivunje mtu, na hata kama ndicho alichokusudia, si sauti yake niliyokuwa nayo kichwani. Dakika ile sikukumbuka vita wala mpaka wala mguu wako. Nilikumbuka kwamba nimechekwa. Nilimvunja mtu kwa sababu alinipitishia mpira miguuni watu wakacheka. Halafu nikalichukua donda lako nikajifunika nalo kama blanketi. Naona aibu, Kaka, naona aibu hata kuiandika sentensi hiyo.

Mjusi hakunionea huruma, wala hakunitukana. Alianza kuuliza kukuhusu wewe. Aliuliza kama ni kweli vidole visivyokuwepo vinawasha. Aliuliza ulichukua muda gani kuweza kulalia upande ule. Nikamwambia cherehani unaikanyaga kwa mguu mmoja na mtaani hakuna anayekushinda kwa kasi, akataka kujua unaizuiaje isikimbie. Mwisho akauliza unasimamaje kwenye safu, na aliye kushoto kwako anagusa nini. Tangu urudi kutoka mpakani sijakuona msikitini, na hakuna hata mmoja wetu nyumbani aliyewahi kukuuliza kwa nini. Nilimwambia nitakuuliza. Ndiyo nakuuliza.

Waambie watu wa mtaani wasije kunipokea. Nisalimie shemeji na watoto, msalimie Mama na umpe pole ya dawa. Hii chupa iliyobaki nitamletea mwenyewe, nadhani mapema kuliko tulivyopanga. Ukinikasirikia utakuwa na haki, ila usikasirike mpaka ukaacha kumjibu yule mtu. Anwani ya hospitali, na wodi, na kitanda chake, nimeviandika nyuma ya karatasi ya katibu. Ndiyo hiyo iliyomo ndani ya bahasha. Geuza mbele uone, haina saini.

Ni mimi mdogo wako,
Komeo