Makadirio ya Pikipiki ya Mwalimu

Mwanza,
mwezi wa saba.

Kwa Baba yangu mpendwa, Mzee Kanisius,
Kitura, Mbinga.

Shikamoo Baba.

Natumaini barua hii imekukuta umekaa nje juani, maana naijua baridi ya huko mwezi huu, na kwamba kifua kilichokusumbua wakati wa mvua kimetulia. Anayekusomea ni Dada Skola. Nimemwomba kwenye simu asome taratibu, asiruke mstari hata ukimkera, na asianze kunijibu yeye kabla hujanijibu wewe. Skola, tafadhali dada yangu.

Sisi huku tu wazima. Mkweo anaendelea na kibanda chake cha kushona, na safari hii amepata kazi ya sare za shule, kwa hiyo cherehani haipumziki. Mimi bado niko gereji ileile, nainama juu ya pikipiki za watu toka asubuhi mpaka jioni. Mgongo unauma kidogo lakini si wa kulalamikia. Samaki tunakula mpaka tunawachoka, ila maharage ya huku hayafanani kabisa na ya kwetu. Mkweo akiyapika ananiangalia usoni kwanza kabla hajanitania.

Umezoea nikupigie simu, na utajiuliza kwa nini safari hii nimeandika. Baba, tangu nilipoondoka nimekupigia mara nyingi, na kila mara nilikuwa nimejiandaa kusema jambo moja. Ukipokea unaniuliza kama nimekula. Mimi nakuuliza habari za mvua, kisha habari za kahawa, kisha salio linaisha, au nasema limeisha. Kwenye karatasi siwezi kusingizia salio.

Jambo lenyewe ni hili. Pikipiki ya Mwalimu Ditrick, siku ile ya komunyo ya mtoto wa Skola, hukuiangusha wewe. Niliiangusha mimi.

Skola, msomee tena hapo.

Nitakueleza ilivyokuwa tangu mwanzo, ili usije ukadhani nasema hivi kwa kukuonea huruma. Watu walikuwa wametoka misani, wako mbele ya nyumba wanakula. Mwalimu alikuwa ameegesha pikipiki yake nyuma, karibu na chanja ya vyombo, pale ardhi inapoanza kuteremka kwenda kwenye mibuni. Mimi nilikwenda nyuma kunawa mikono, nikaiona. Ilikuwa mpya bado, hata nailoni ya kiti alikuwa hajaitoa. Wewe unanijua, sijawahi kupita kando ya pikipiki nisiishike. Nikaipanda bila kumwomba mwenyewe. Nilitaka tu kubonyeza klachi, nione kama imekazwa vizuri. Kumbe stendi ya pembeni ilikuwa imekanyaga udongo uliolowa. Nilipoegemea kushoto ikazama, na pikipiki ikalala nayo. Nilijaribu kuizuia kwa mguu nikashindwa. Utakumbuka nilichechemea jioni ile, Skola akaniuliza nina nini, nikamwambia kiatu kinanibana. Hakikuwa kiatu. Pikipiki ilianguka juu ya yale mawe uliyoyapanga kuzuia maji, na taa ya mbele ikapasuka.

Kama ningeita mtu wakati ule ule, mambo yangeishia hapo. Mwalimu angekasirika kidogo, ningemtengenezea, tungecheka. Lakini niliona aibu. Mimi ndiye fundi niliyetoka Mwanza, mchana ule ule nilikuwa nimewaeleza watu jinsi vijana wa bodaboda wanavyoharibu pikipiki kwa kutojua kuziegesha. Nikazunguka kwa banda la nguruwe, nikaingia kwa mlango wa jikoni, nikachukua sahani ya wali, nikaenda kukaa katikati ya watu.

Wewe ulikuwa umeshuka kuleta kuni, maana akina mama walisema zimepungua. Ulipopanda na mzigo begani ukaikuta pikipiki imelala. Ukaweka kuni chini, ukainama kuiinua peke yako. Hapo ndipo Skola alipotoka na beseni la vyombo akakukuta umeshika usukani. Alichosema Skola kila mtu angekisema. Alikuuliza umefanya nini. Simlaumu, na wewe usimlaumu, na Skola usijilaumu. Aliona alichokiona.

Sisi wengine tukaja mbio. Nilifika nikiwa bado na sahani mkononi. Ulisema umeikuta chini. Mtu mmoja akasema labda kuni ndizo zilizoigusa, mzigo ulikuwa mrefu, na mwingine akaongeza kwamba siku hizi macho yako hayaoni vizuri upande wa kushoto. Ukanyamaza kidogo. Ulikuwa unatutazama mmoja mmoja kama mtu anayetafuta shahidi. Uliponifikia mimi, nikatazama wali.

Ndipo ukasema, "Basi labda ni mimi. Sikusikia."

Baba, nimeshapigwa na watu, nimeshalala na njaa katika mji huu nilipofika mara ya kwanza, lakini sijasikia kitu kilichoniuma kama hayo maneno. Na bado sikufungua mdomo.

Mwalimu Ditrick hakugomba. Alisema ajali ni ajali, na kwamba bahati nzuri fundi yupo hapo hapo, basi Osmund aikague, aandike ni kiasi gani, ili pasiwe na mtu wa kupunjwa. Skola akaleta daftari la mtoto. Nikachuchumaa mbele ya pikipiki niliyoiangusha mwenyewe, watu wamenizunguka, nikaanza kuandika. Taa ya mbele. Saiti mira ya kushoto. Indiketa mbili. Mkono wa klachi. Usukani wa kunyoosha. Tenki lilibonyea, likahitaji kugongwa na kupigwa rangi upya. Yote hayo yalikuwa kweli.

Kisha Mwalimu akaniuliza habari ya shokapu za mbele. Nilizishika, nikazikandamiza, zikarudi vizuri. Hazikuwa na kitu. Lakini nilihisi macho ya watu mgongoni, nikaogopa wasije wakasema fundi anampunguzia baba yake. Nikatingisha kichwa kama tunavyofanya gereji tukitaka mteja aogope, nikasema moja imepinda. Nikaandika elfu hamsini. Jumla ikawa laki moja na themanini. Nilikupandishia deni Baba, deni ambalo halikuwa lako, ili mimi nionekane mkweli.

Nilisema nitalipa mimi. Ulikataa mbele ya watu wote. Ulisema, "Alichoangusha Kanisius atalipa Kanisius." Kesho yake asubuhi ukamuuza nguruwe jike kwa yule mnunuzi wa Mbinga, ukamhesabia Mwalimu fedha yake mkononi, na mimi nilikuwa nimekaa pale nakunywa chai. Mchana nikapanda basi. Ulinisindikiza mpaka barabarani, ukaniambia nimefanya vizuri kutokupendelea.

Nilidhani yataishia kwenye nguruwe. Nilijipa moyo kwamba nitakutumia fedha kidogo kidogo mpaka zitoshe nguruwe wawili, nikisema ni za dawa au za mbolea, na nitakuwa nimelipa. Lakini Skola alianza kuniambia mambo mengine. Kwanza aliniambia kwamba huteremki tena shambani kwenye mashimo ya ngoro peke yako, unasubiri mtu akutangulie. Baadaye akaniambia msimu huu hutachuma kahawa, unaogopa kuvunja matawi. Kisha akaniambia kwamba umemwendea katekista ukamwomba atafute mtu mwingine wa kushika kapu la sadaka, kwa sababu unaweza kumgonga mtu kanisani bila kujua. Miaka yote niliyokuwa mtoto nilikuona umeshika kapu hilo. Skola alisema, "Baba amezeeka ghafla." Mimi nilikuwa nimesimama gereji na spana mkononi, nikamjibu kwamba ndiyo, uzee hauna mwenyewe, nikakata simu.

Wiki mbili zilizopita alinipigia Mwalimu Ditrick. Alikuwa amesubiri mpaka apate nafasi ya kuipeleka pikipiki Mbinga, na kumbe muda wote huo alikuwa anaiendesha hivyo hivyo, taa ameifunga kwa waya, akienda Tingi kumwona mkewe kila Ijumaa na kurudi kabla ya giza. Fundi wa Mbinga alifungua shokapu akamwambia zimenyooka, hazijawahi kupinda. Mwalimu ni mtu wa haki. Alikuletea elfu hamsini yako nyumbani, ukaikataa. Ulimwambia kwamba mwanao ni fundi wa mji mkubwa, akisema imepinda basi imepinda, huyo wa Mbinga ndiye hajui kazi. Mwalimu alikuwa ananipigia ili nimsaidie kukushawishi uipokee.

Nilimwomba asubiri. Nikatoka nje ya gereji, nikasimama kwenye jua pale wanapoosha pikipiki, nikamwambia yote. Nilimweleza kuhusu stendi, kuhusu mlango wa jikoni, na kuhusu shokapu. Niliposema samahani Mwalimu, nitakulipa usumbufu wote, alinijibu kwa upole ulionitisha kuliko kama angenitukana.

"Mimi nimeshalipwa, Osmund. Baba yako bado."

Nilimwomba basi akueleze yeye, maana ana maneno mazuri. Alikataa. Alisema yeye hakuwa nyuma ya nyumba siku ile. Akanipa mpaka mwisho wa mwezi niwe nimekwambia mwenyewe, na akaahidi kwamba hatanitangulia kusema. Ndiyo sababu barua hii nimeituma kwa basi, yeye ataipokea Mbinga na kumletea Skola ikiwa imefungwa. Hajui nilichoandika humu, ila anajua inahusu nini.

Sasa Baba, nisikilize kuhusu macho yako. Jicho la kushoto lina ukungu kidogo, hilo ni kweli, tuliliona wote hata kabla ya komunyo, na nikija tutakwenda hospitali lipimwe. Lakini siku ile liliiona pikipiki. Miguu yako ilipita pembeni yake na mzigo wa kuni begani kwenye mteremko uliolowa, na hukugusa kitu. Uliweka kuni zako chini vizuri ndipo ukainama. Mtu asiyeona hafanyi hivyo. Ulichosema mara ya kwanza, kwamba umeikuta chini, ndicho kilichokuwa kweli. Sisi ndio tuliokufanya ujikane, na mimi nilikuwa najua.

Elfu hamsini ya Mwalimu, tafadhali ipokee. Fundi wa Mbinga anajua kazi kuliko mimi. Na fedha ya nguruwe nimemtumia Mwalimu akukabidhi, yote kwa pamoja, siyo ya dawa wala ya mbolea. Ukitaka kuikataa, ikatae nikiwepo. Sitaki ufikiri kwamba nanunua msamaha. Najua nguruwe ndicho kitu kidogo kuliko vyote nilivyokuchukulia.

Tajiri wangu amenipa ruhusa ya wiki mbili mwezi wa nane, baada ya kumaliza pikipiki tatu zilizo mbele yangu. Nitakuja. Nimeandika kwa katekista pia, mistari michache, nikimwomba siku ya jumuiya anipe nafasi nisimame niseme, kwa sababu waliokuona umeshika usukani ule ni wengi kuliko wewe na Skola. Kama utaona ni vema nisifike nyumbani kwanza, nitafikia kwa Mwalimu, nitakuelewa. Ukitaka kunisema, nitakaa chini nikusikilize mpaka umalize. Kitu kimoja tu ninachokuomba, usininyamazie kama ulivyonyamaza siku ile.

Mkweo nimemweleza. Alizima cherehani, na amekaa siku mbili bila kunitania kuhusu maharage. Anakuamkia kwa magoti.

Nisalimie shemeji yangu, mume wa Skola, mwambie asante kwa kukuchumia kahawa, ila asiimalize yote. Msalimie shangazi wa kule juu anayetutengenezea togwa, na mtoto wa komunyo, mwambie nitamnunulia daftari jingine badala ya lile nililochana karatasi ya makadirio. Mwalimu Ditrick na mkewe wa Tingi wapelekee salamu ukiona wanastahili kuzipokea kutoka kwangu.

Ni mimi mwanao niliyekuwa naogopa,
Osmund.

Skola, haya ni yako, usiyasome kwa sauti. Ukimaliza kusoma, Baba atasimama atake kwenda mahali, labda shambani, labda barabarani. Usimshike mkono, wala usimtangulie, wala usimwambie kuna jiwe. Kaa hapo hapo ulipo, umwache aende.