Frempong Atamleta Kondoo

Jumapili, 8 Machi 2015

Wote wanaisimulia vibaya. Wote! Kuanzia kwa kinyozi mpaka kanisani. Eti mzee Dwomoh, yaani mimi, alimpa mjukuu wake gemu ya kuua watu, mtoto akatoka akaenda kumvunja mkono binti wa Eno Birago. Waongo. Ndiyo maana naandika, nipate kuiona yenyewe ilivyokuwa. Shule sikuipitia hata dirishani. Herufi nilijifunzia kwenye mbao za malori, nikiyapaka rangi na kuyaandika maneno. Kumasi hii hakuna lori kuukuu lisilojua brashi yangu. Kwa hiyo naandika makubwa. Ukurasa utajaa haraka. Ujae.

Ilikuwa hivi. Ijumaa, sikukuu ya uhuru, watoto wako nyumbani. Akosua Dufie, binti wa Eno Birago anayekaanga viazi vikuu pale njia panda, anapita na baiskeli. Kwabena wetu, miaka tisa, akaruka kutoka nyuma ya ukuta, akamkamata mkono, akamvuta chini, akapanda baiskeli, huyo! Vilevile kama kwenye gemu — unamtoa mtu kwenye gari lake, unaondoka nalo. Binti akavunjika mkono. Mimi nilikuwa kibarazani. Niliona. Na jicho langu moja ni sawa na matatu ya mtu mwingine.

Lakini iliyoniunguza ni ya jana. Matanga ya shangazi yake Frempong. Huyu Frempong ni baba yake Kwabena, borga, maisha yake yako Hamburg, amekuja kuzika tu. Viti vimejaa, kila mtu na nguo nyeusi na nyekundu, spika zinatuziba masikio. Eno Birago akaja palepale na binti yake, mkono umefungwa plasta. Frempong akasimama. Akasema gemu aliituma yeye, ndiyo, ila kasha lina namba 18 nyekundu kubwa kama sahani, mtu mwenye akili zake anajua hiyo ni ya watu wazima. Halafu akanigeukia.

"Sasa utafanyaje na mzee asiyejua kusoma?"

Watu wakacheka. Na waliocheka zaidi ni wale ambao pombe yangu ilikuwa bado inawanuka mdomoni.

Alinivua nguo mbele za watu. Mimi niliyempa mke! Afua Serwaa ni mtoto wa marehemu dada yangu, nilimlea kwa mikono hii, nikamkabidhi kwake. Nikatabasamu. Wanaonijua wanajua: Dwomoh akitabasamu bila kusema kitu, kuna mtu atajuta.

Jumatatu, 9 Machi

Eno Birago amepeleka mashtaka kwa Mzee Brobbey, mkubwa wa mtaa. Anataka kondoo wa radhi na chupa ya pombe ya kuwamiminia wahenga chini. Na aliyemlea mtoto aje peku, apige magoti mbele ya binti.

Watu wa nje watadhani kondoo ni nyama. Huku kwetu anayemleta kondoo amekiri mbele ya mtaa mzima kuwa malezi mabovu ni yake. Haifutiki tena. Hata akifa watasema, ah, yule wa kondoo.

Na Frempong kaniwahi. Kasema mtoto ni wa ukoo wa mama, na ukoo una mkubwa wake — mimi. Kondoo nilete mimi. Nikishamleta, basi imethibitika uwanja wangu haulei watoto, naye atamchukua Kwabena ampeleke kwa dada yake Takoradi.

Amechukua picha na kila mtu kwenye ile simu yake, akanichukulia na heshima. Sasa anataka na mtoto.

Kwabena ndiye mtu pekee aliyebaki anayezitaka hadithi zangu. Wengine wakiniona nakohoa tu, wanakumbuka wameacha sufuria jikoni. Yeye kila jioni kabla ya kula: Babu, ile ya Nsawam. Nampa fimbo awe usukani, anakaa juu ya kinu awe dereva mwizi aliyeniibia lori. Mimi natokea nyuma ya mlango, nakohoa kidogo — lazima nikohoe, adui ajue — kisha namkamata mkono, namshusha. "Shuka, mwenye barabara amefika!" Anacheka mpaka anashika tumbo. Mwaka ule kule Nsawam kweli nilimshusha yule mwizi kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa umeshika mhogo.

Takoradi! Labda nife kwanza.

Kondoo ataletwa na Frempong. Viatu vyake vya Hamburg atavivua kimoja kimoja. Na paja nitachagua mimi.

Jumatano, 11 Machi

Nimelitazama lile kasha leo, kwa makini. Namba 18, wekundu mzuri, ukingo umenyooka. Aliyeichora anaijua kazi. Na mimi namba nazisoma, nimeandika namba za magari miaka arobaini, Frempong asinitanie.

Pipa lake la zawadi kutoka Hamburg lilifika Desemba. Juu kabisa kulikuwa na mashine ya kuchezea na hii gemu, na karatasi: Kwa Kwabena, kutoka kwa Baba. Hakuandika "akikua". Afua alimpigia simu, nilikuwa nimekaa hapohapo. Akamwuliza hii namba ni ya nini, humu watu wanapigwa risasi kichwani. Frempong akamwambia amwache mtoto acheze, huko watoto wote wanacheza, angalau asilie kwamba baba yuko mbali.

Kwa hiyo waliobandika namba walifanya kazi yao. Baba yeye akafanya kazi ya posta.

Nilimwambia Afua hayo. Alikuwa anatwanga fufu, akazidisha nguvu kwenye mchi.

"Na wewe Mjomba? Si ulikuwa unavuta kiti unatazama? Yule polisi alipoungua ulipiga makofi."

Nikamwambia nilikuwa nasimamia. Akasema nilisimamia vizuri sana, maana nilikuwa namwambia mtoto apinde kulia.

Wanawake wana kumbukumbu mbaya — mbaya kwa wengine.

Haidhuru. Hainitishi Hamburg yake. Mimi nilimwendeshea Mjerumani wa magogo kule Sefwi kabla Frempong hajaota jino. Alfajiri anatuamsha kwa makelele, nusu ya lugha yake niliijua kwa kukimbia. Akikohoa tu nafahamu anataka nini. Nimefikiri sana leo kuhusu yule Mjerumani. Nimecheka peke yangu.

Ijumaa, 13 Machi

Siku tamu!

Tulikaa uwanjani kwa Mzee Brobbey. Frempong kavaa kente kama anaoa upya. Alizungumza kwanza, vizuri, siwezi kukataa. Akasema damu ni ya mama, mtoto anakula kwetu, analala kwetu, yeye baba ni mgeni tu, anamwona kwenye simu. Na kama mtu mzima wa nyumba hawezi kusoma onyo, kosa si la aliyeliandika. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Eno Birago naye akatikisa. Nikaona kondoo anageuza uso kunielekea.

Nikasimama. Nikakohoa. Nikasema kweli, mama anatoa damu. Lakini roho ni ya nani? Wazee wote wanajua, roho na mwenendo mtoto anavitoa kwa baba. Mkono uliomvuta binti ni wetu sisi, nakubali, mzuri, una nguvu. Ukali uliousukuma umetoka kwa Frempong. Watu wakaguna. Frempong akasema hizo ni hadithi za mzee.

Hapo ndipo nilipomtaka.

"Mzee Brobbey, mtoto alipomvuta yule binti alipiga kelele neno. Raus! Mimi mzee wenu sikusoma. Naomba borga atutafsirie."

Frempong akamung'unya, akasema ni Kijerumani, maana yake toka.

"Ahaa. Sasa kwenye uwanja wangu nani anaongea Kijerumani? Mbuzi?"

Mtaa ukaanguka kwa kicheko! Kile kicheko cha matangani nilikirudisha chote, na nyongeza. Frempong akasema gemu yenyewe ni ya Kiingereza, aliichagua makusudi, neno hilo halimo. Wakamzomea — gemu umenunua Hamburg, itasema Kifante?

Akosua Dufie aliulizwa. Akasema alisikia mtu anapiga kelele lakini alikuwa anaanguka. Kwabena aliulizwa. Akanitazama mimi, siyo baba yake. Akasema hakumbuki.

Brobbey akaamua: Jumapili baada ya kanisa Frempong alete kondoo. Frempong akaomba mashine iletwe, iwashwe mbele ya watu, wasikilize wenyewe kama neno limo. Brobbey akakubali, umeme ukiwepo. Lakini transfoma ya mtaa imeungua tangu jana na watu wa umeme wamesema watakuja, na sote tunajua maana ya watakuja. Jenereta la Brobbey linawaka siku linapotaka lenyewe. Bila mashine, hukumu inabaki.

Nimekula sahani mbili.

Jumamosi, 14 Machi

Kondoo amefungwa kwa Frempong. Dume jeupe, limenona. Nimepita mara tatu kumsalimia. Nikamwuliza kwa sauti kama safari ilikuwa njema, na kama Hamburg kuna majani. Frempong alikuwa dirishani. Hakutoka.

Mara ya tatu nikamwona amekaa kitandani, mlango uko wazi, ameshika fulana ya Kwabena, ameipima begani kwake kama mtu anayejaribu kujua mtoto amefika wapi. Nikaondoka. Sikumsalimia kondoo.

Alijitakia. Angecheka na mtu mwingine.

Umeme bado. Mungu azidi kuwachelewesha.

Afua haongei nami tangu jana. Ananiwekea chakula anageuka. Leo tu ndio kafungua mdomo, akaniuliza polepole, Mjomba, neno lile ulilisikia kweli? Nikamwambia masikio yangu hayajawahi kunisaliti. Akasema hakuuliza habari za masikio.

Mashine imefungwa kwa Brobbey, mtoto hana cha kufanya. Jioni akaja na fimbo, akapanda juu ya kinu. Babu, ya Nsawam. Nikaanza. Nikajificha nyuma ya mlango. Nikakohoa. Halafu akasema leo tubadilishane, yeye awe mimi. Nikakaa juu ya kinu, magoti yananilia. Akatoka nyuma ya mlango, akakohoa, akanikamata mkono akanivuta — ana nguvu yule mtoto, kidogo nianguke — na akalisema lile neno letu la Nsawam.

Nikamwambia tuishie hapo. Chakula kinapoa.

Kilikuwa hakijaiva bado.

Jumapili, 15 Machi

Niko nyuma ya jiko la Mzee Brobbey. Nimewaambia nakwenda haja. Naandika kwa goti.

Wamejaa wote. Hata walioacha kanisa katikati. Kondoo yuko, chupa iko, Akosua Dufie amekalishwa kwenye kiti cha mbele, mkono wake wenye plasta kwenye mto, kila mtu ameandika jina lake juu ya plasta. Eno Birago kavaa lesi. Mashine wameiweka juu ya meza pamoja na televisheni ya Brobbey, imekaa tu kama maiti, kwa sababu ndivyo ilivyosemwa.

Frempong alikuja peku kutoka kwake. Sikutegemea. Nilitaka avue hapa mbele yangu, kimoja kimoja. Alikuja amevua kabisa, miguu yake myeupe kwa vumbi, anatembea kama mtu aliyesahau mawe. Hakunitazama. Akamwita Kwabena, akamwambia asimame karibu naye aone. Akasema hata kama lile neno halimo, gemu aliituma yeye. Nikaona mtoto anamshika kidole.

Hapo ningefurahi. Ndiyo siku niliyoitaka, nimeipata, na paja nimeshalichagua kwa macho. Magoti yake yalikuwa yanaanza kukunjika.

Friji ya Brobbey ikanguruma.

Watu wakashangilia kama siku zote umeme ukirudi, hata kwenye mazishi wanashangilia. Taa za mtaa mchana kweupe, paa! Brobbey akanyanyua mkono. Akamwambia Frempong asubiri, asipige magoti bado, haki ni haki. Mashine iwashwe. Mtoto mwenyewe aishike, acheze palepale anapowatoa watu kwenye magari, na mtaa usikilize. Halafu mtoto atatamka mbele ya binti neno alilosema siku ile, na binti aseme kama ndilo.

Mimi nikasema nakwenda haja.

Nasikia risasi. Nasikia Eno Birago anasema Yesu. Gari linafungwa breki, mlango unafunguliwa, mtu anapiga kelele — Kiingereza. Tena. Kiingereza. Mtu anauliza mzee Dwomoh yuko wapi. Afua anasema anakuja.

Sasa wamezima sauti. Brobbey anamwambia Kwabena asiogope, aseme tu.

Raus nililitunga. Ni la yule Mjerumani wa Sefwi, mtoto alilisikia mara ya kwanza hapa uwanjani, kinywani mwangu. Ile Ijumaa ya sikukuu nilimsikia vizuri kutoka kibarazani. Alitoka nyuma ya ukuta, akakohoa kwanza, kikohozi changu hichihichi, halafu akamwambia yule binti ashuke, mwenye barabara amefika.