Ngozi ya Paji la Uso

Manyatta, Kisumu
Tarehe 11 Januari

Kwa dada yangu Jacinta,

Pokea salamu zangu wewe, shemeji Odongo na watoto wote hapo Mbita. Natumai mlivuka mwaka salama na kwamba mgongo wako haukusumbui tena unapoinama shambani. Mimi ninakula, ninatembea, na wiki iliyopita nilirudi kwenye meza yangu ya mitumba pale soko la Kibuye. Najua ulinitazamia Krismasi na ukanipigia simu mara nyingi, nami nikakujibu kwa ujumbe kwamba mtandao ni mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri. Ni mimi niliyeogopa kwamba ungesikia sauti yangu inavyotokea puani, ukauliza. Ndiyo maana nimeandika kwa mkono na kumpa jirani yangu Dorca, anayevuka kwa feri kutoka Luanda Kotieno kesho, akukabidhi wewe mwenyewe. Tafadhali isome ukiwa peke yako, uifikishe mwisho.

Dada, nilikuwa na saratani ya ngozi puani.

Ilianza kama kipele kidogo kama punje ya mtama, kando ya tundu la kulia. Kilikuwa kikitoa gamba, gamba likianguka kinapona, kisha kinarudi. Unajua sisi tuliozaliwa na ualbino hatuhesabu vidonda vya jua. Nikakipaka mafuta nikaendelea kuuza. Mwaka ukaisha. Anayeuza viatu karibu nami ni mzee mmoja aitwaye Njenga, mtu wa Murang'a, ambaye tangu nimfahamu hajawahi kuingilia mambo ya mtu. Siku moja alikuja akasimama mbele ya meza yangu akaniambia, "Mama, hiyo si chunusi. Chunusi haimalizi mwaka." Nilikasirika, nikamwambia auze viatu vyake. Lakini usingizi ulinipotea, na Julai nikaenda hospitali.

Nilipokelewa na daktari wa upasuaji, Daktari Vaishali, mama wa Kihindi aliyezaliwa hapa Kisumu na anayeongea Kiswahili kama sisi wa sokoni. Alikata kipande kidogo kikapelekwa maabara. Majibu yalipotoka alinieleza bila kuficha. Kidonda kingeondolewa pamoja na ngozi kidogo yenye afya ya kando yake, na sehemu ya pua ingekwenda nacho. Halafu wangechukua ngozi ya paji la uso, waigeuze chini hadi puani, bila kukata mzizi wake ili damu iendelee kuifikia. Ningekaa hivyo wiki tatu, kamba ya nyama imening'inia katikati ya macho, ndipo waikate. Nilimsikiliza nikiitikia kwa kichwa kama mtu anayeelekezwa njia.

Walinilaza Agosti. Asubuhi ya kupasuliwa muuguzi alikuja akanichora usoni kwa kalamu, akaniambia nisubiri, akatoka. Nilijitazama kwenye kioo cha dirisha nikaona mistari ya buluu imezunguka pua yangu. Dada, sikumbuki nilivyoamua. Nakumbuka tu kwamba nilijifunga leso hadi machoni, nikapita langoni, na nilipopata akili nilikuwa Katito, nimesimama pale gari linapogeukia Kendu Bay, bado nimevaa kitambulisho cha hospitali mkononi. Nilikitafuna kwa meno hadi kikakatika. Kisha nikaja kwako.

Hizo ndizo siku nne nilizokuja bila taarifa, nimebandika plasta, nikakuambia ni jipu na kwamba nimechoka na soko nataka kupumzika. Ulinichinjia kuku. Hukuniuliza zaidi, na mimi nilishukuru kwa kutoulizwa.

Niliporudi Kisumu sikukaribia hospitali tena. Simu zao sikuzishika. Mwisho wa Oktoba nilikuwa namwonyesha mteja shati jeupe, nikaona matone mekundu yanadondoka kwenye kola. Damu ilikataa kukoma. Njenga alifunika viatu vyake kwa turubai, akanishika mkono, tukaenda. Alikaa nami nje ya chumba cha daktari hadi nilipoitwa.

Daktari Vaishali hakunigombeza. Aliniangalia muda mrefu kwa taa yake ndogo, akanishika shingoni kutafuta uvimbe, kama saratani imefika huko, akaandika. Nilimwomba aniambie ukweli. Akasema, "Agosti ningekata upana wa kidole changu. Sasa nitakata karibu nusu ya pua. Na ukiondoka tena, sijui nitakuta nini." Nilitia sahihi vibaya hata jina langu halikusomeka, wakanipa karatasi nyingine.

Nilipozinduka sikuweza kupumua kwa pua, nikadhani nimefukiwa. Kwa siku tisa nilikataa kioo. Kisha nikajiona bila kutaka, kwenye kioo cha simu iliyozimika: macho yangu mawili, na katikati yake kitu kinene chekundu kimeshuka kutoka paji la uso kama mkonga. Mtoto aliyekuja kumwona nyanyake kitanda cha pili alianza kulia, wakamtoa. Inzi alitua kwenye pua mpya, nami nikahisi anatembea juu ya nyusi. Nilipomweleza daktari alifurahi, akasema hiyo ni ishara kwamba ngozi iko hai na bado inajidhani iko mahali pake pa zamani. Mimi sikufurahi. Nililala nikiogopa kwamba nitaigeukia kwenye mto na kuing'oa.

Wiki tatu zilipotimia waliikata ile kamba. Majibu ya maabara yalisema kingo zote za nyama waliyoitoa ni safi, hakuna saratani iliyobaki. Nitapimwa shingo kila baada ya miezi mitatu, na kila nikimeza mate najikagua. Nina pua, dada. Ni nene upande mmoja na kovu limepanda hadi kwenye nywele, lakini ni pua, na wateja wamerudi. Sasa ninavaa kofia pana na mikono mirefu hata mawingu yakiwepo.

Kama habari ingeishia hapo, ningekupigia simu.

Sijakuambia yote ya zile siku nne. Siku ya tatu ulinipa Adero nimsuke, kwa sababu ulikuwa unaenda sokoni. Binti yako ni mimi mtupu: ngozi yangu, nywele zangu, macho yangu yanayokimbia mwanga. Nilipomgawanya nywele nikaona nyuma ya sikio lake la kushoto gamba dogo. Nililigusa. Akasema linawasha, linaanguka na kurudi tangu waanze mashindano ya voliboli shuleni. Jacinta, nililijua. Mimi peke yangu katika nyumba ile nililijua. Nikamsuka mistari iliyofunika mahali pale, nikamwambia ni jua tu.

Ningekuambia, ungeuliza nimejuaje, na ungenirudisha hospitali kwa nguvu. Nilinunua ukimya wangu kwa sikio la mtoto wako wa miaka kumi na minne. Ni miezi mitano sasa. Mimi najua miezi miwili na nusu ilinifanyia nini.

Juzi nilimweleza Daktari Vaishali. Alisema huenda likawa dogo, la kuondolewa mara moja na kushonwa, na huenda si saratani kabisa, lakini hawezi kujua bila kuliona. Atamwona Jumanne hii saa tatu asubuhi. Nitakuwa langoni mwa hospitali tangu saa moja. Usimfiche kitu Adero njiani. Mfunike kichwa na masikio, na usikubali mtu akuambie ni jua tu.

Najua utakapomaliza kusoma utakuwa na maneno kwangu. Nastahili yote. Lakini usikae kuyatafuta, wala usinijibu barua hii. Funga mzigo kwanza. Nichukie mkiwa tayari mko njiani.

Nisalimie shemeji, watoto, na mama mkwe wako. Na wote wanaoniulizia hapo waambie nipo.

Ni mimi mdogo wako,
Selpha