Mtumbwi wa Njano wa Mama Laurentine

Mama Laurentine, mwaka umetimia tangu utuage, na sisi watu wako tuna habari ya kukupa. Ni habari nzuri mno, na kukaa nayo kumetushinda. Lakini hatutaanza na mwisho. Wewe mwenyewe ndiye uliyetuzoeza kwamba samaki hatangazwi mpaka awe ndani ya mtumbwi.

Anayeandika ni mimi, Gentille, binti yako wa kwanza. Mdogo wangu Précieuse amekaa pembeni yangu na kusahihisha kila neno, unamjua. Papa, baba yetu, yuko mezani na kahawa yake, anajifanya hasikii.

Tuanze na wewe. Hapa Buffalo, nani kati ya wageni waliofika kutoka kambi za wakimbizi hakuvaa koti ulilomtafutia wewe? Ulikuwa unatoka zamu kiwandani Tonawanda, hapo jirani, miguu imevimba, na bado unapitia kwa mtu mgonjwa na sufuria ya maharage. Ulikuwa unasema utakaa dakika moja tu. Dakika yako ilikuwa inamaliza jioni nzima, na mgonjwa alikuwa anabaki anacheka. Jumapili sauti yako ilitangulia kwaya, wakati mwingine kabla ya kwaya yenyewe kujua wimbo ni upi.

Halafu kuna samaki. Hapo ndipo mama mtulivu wa kanisa alipokuwa mtu mwingine kabisa!

Kwetu, kando ya Ziwa Kivu, uliuza sambaza, dagaa wa kwetu, tangu usichana wako hadi siku tulipokimbia vita. Ulizipokea ufukweni asubuhi, ukazianika, ukazibeba sokoni. Lakini kwenye mitumbwi wavuvi wetu hawakumpandisha mwanamke. Walisema angefukuza samaki. Uliuza samaki miaka yote ile bila kuona hata mmoja akitoka majini, na jambo hilo lilikuudhi sana, ulituambia mara nyingi.

Kumbe ilibidi uje kwenye nchi ya theluji. Angelika, mwenzako wa kiwandani, alikualika Jumamosi moja ya Oktoba uende naye kwenye kijito kile cha nyuma ya reli. Uliondoka na sketi ya kanisani. Ukarudi umelowa hadi kiunoni, unacheka peke yako mlangoni, na ndani ya mfuko wa dukani kulikuwa na samaki mrefu mwembamba, mdomo bapa kama wa bata na meno ya kutisha. "Anaitwa pikereli!" ukatupigia kelele, kama vile tulikuwa ng'ambo ya mto. Kabla ya Krismasi ulikuwa na mtumbwi wako wa plastiki, wa njano, wa mtu mmoja.

Tuliona unavyovua, tukashangaa. Fimbo yako nyepesi ya kuvulia ungeweza kuishika kwa vidole viwili, na mshipi wake ulikuwa mwembamba kama uzi wa kushonea. Tulikuuliza kwa nini usinunue mshipi wa nguvu, ukasema hapo hakuna mchezo tena, ni kumburuta samaki tu; kwa mwembamba unamwachia aende, anachoka, anarudi. Ulijifunza kwamba kijito chetu kinapanda na kushuka. Watu wa baharini wana mwezi wao, sisi tuna upepo wa Ziwa Erie: ukisukuma, maji yanaingia mpaka kwenye majani ya kando, na ukikatika yanaanza kurudi. Wakati yanarudi, pikereli anakaa ukingoni mwa majani akivizia chakula. Ulikuwa unatupa chambo karibu kabisa na majani, unavuta kidogo, halafu unaacha. Unaacha tu. Na hapo ndipo anakuja!

Joto hukulitaka. Majani ya miti yakianza kuanguka na watu wote wakifunga madirisha, wewe ulikuwa unatafuta soksi zako nene.

Na majigambo, Mama! Samaki aliyetoka Tonawanda na urefu wa mkono, Précieuse akipata habari zake kule kwake Westerville alikuwa tayari mguu mzima, na mdogo wako, Mjomba Bagula, akipigiwa simu Louisville samaki huyo alikuwa karibu kuanza shule. Tulikusikia jikoni ukisema hivyo bila aibu, huku ukimchanja samaki mwenyewe kwa kisu, mistari midogo midogo ubavuni, ili miiba yake mingi iishie kwenye mafuta ya moto na tumtafune kama sambaza.

Papa alikuwa anakusindikiza hadi ukingoni, hapana zaidi. Alikuwa anasimama na makoti yote mawili, lake na lako, anaomba kwa sauti.

"Laurentine, rudia! Mayi iko baridi!"

"Baba Gentille, kuya nikuachie zamu! Kuya uonje!"

"Siku ingine, Mama Gentille. Siku ingine."

Kila mwaka ulimwita aje, na kila mwaka jibu lilikuwa hilo. Halafu moyo wako ukasimama katikati ya Oktoba, ukiwa umeshatoa soksi kabatini.

Mama, tukueleze ukweli. Tangu siku hiyo Papa alikuwa anakwenda kazini na kurudi, basi. Kwaya, alikokuwa akiimba sauti ya chini, aliacha. Kijitoni hakukanyaga tena. Jioni alikuwa anaweka kiti gereji, kando ya mtumbwi wako uliofunikwa turubai, anakaa hapo na koti hadi mmoja wetu amwite kula. Tulimbembeleza, tukagombana naye, tukalia. Hatukujua tufanye nini na mtu ambaye yupo na hayupo.

Jumamosi iliyopita tulikuondolea matanga. Unajua desturi yetu, vitu vya marehemu siku hiyo vinapata wenyewe. Vitenge vyako vilikwenda kwa wadogo zako, sufuria kubwa akapewa Précieuse. Mtumbwi, wakubwa wa ukoo walikuwa wamekubaliana kwenye simu, ungekuwa wa Mjomba Bagula, kwa kuwa mtumbwi unarudi kwa watu wa kwenu. Papa alipoulizwa alijibu tu, "Bon, kama ni vile." Sisi mabinti tulitazamana. Tuliogopa kwamba mtumbwi ukitoka gereji, Papa atabaki na kiti tu.

Mjomba akafika kutoka Louisville. Mama, alikuja na trela! Trela la kubebea boti la injini, kamba za meli, na wanaume wawili wenye nguvu wa kanisani kwake. Papa akafunua turubai. Wale wanaume wakatazama. Mmoja akauinua mtumbwi kwa mkono mmoja.

"Donc ni hii tu?" Mjomba akauliza. "Laurentine alikuwaka anasema iko na mtumbwi ya kulisha chorale yote!"

Tulicheka, na kwaya yenyewe pia, mpaka wengine wakakaa chini. Mjomba alicheka kuliko wote, halafu akaegemea trela lake akalia, na sisi tukalia naye, na tukarudi kucheka. Ulikuwa umetuunganisha wote gereji kama ulivyozoea.

Ndipo Papa akasema. Hakupaza sauti.

"Bagula, ngoja. Mbele ya kuibeba, miye niingie nayo mu mayi mara moja. Nilikuwaka namwambia siku ingine. Bon, siku ingine ni leo."

Ungeona msafara huo! Magari yote ya matanga yakageuka kuelekea kijitoni, wali umebaki jikoni. Précieuse alimkatia Papa kibali cha kuvua kwenye simu tukiwa njiani, maana hapa hawana mchezo na hilo. Angelika alimvalisha jaketi la kuelea juu ya shati lake jeupe la kuvua matanga, akalikaza kama anafunga mtoto mgongoni. Kwaya nzima ilikuwa ukingoni. Upepo ulikuwa umekatika mchana, maji yalikuwa yanarudi. Papa akaingia na fimbo yako, akashika kingo kwa mikono miwili, akafumba macho. Mtumbwi ukayumba. Tukapiga kelele wote. Mtumbwi ukatulia.

Akatupa chambo mara ya kwanza, kikanasa mtini. Mara ya pili kilimrudia mwenyewe kofiani. Mara ya tatu kikaangukia kando ya majani, na Papa, badala ya kuvuta, akaacha ili aweke kofia yake sawa.

Mama, akaacha! Maji yakapasuka!

Fimbo ikajikunja, na Papa, ambaye kazi yake ni kuburuta mizigo ghalani, akaanza kuburuta. "Papa, usivute!" Précieuse akapiga kelele. Mjukuu wako Hadassa akaruka juu, akimwita babu yake: "Koko, no, no, don't pull!" Angelika akashika kichwa. Mshipi ule mwembamba ulikuwa unalia, tulijua utakatika, na hatukujua Papa angerudi vipi nyumbani ukikatika.

Halafu tukamwona amelegeza mikono. Alisema kwa sauti, na ukingo wote ulisikia, yale maneno yako uliyokuwa unamrushia kutoka mtumbwini mwaka baada ya mwaka: "Mwache aende, Baba Gentille. Atarudi." Samaki akaenda. Akaugeuza mtumbwi, akamzungusha Papa mzima mzima katikati ya kijito, na Papa akacheka. Kicheko kile kikubwa cha zamani! Hatukuwa tumekisikia mwaka mzima, Mama, na tulikuwa tumeanza kukisahau.

Samaki akarudi. Papa akamwinua kwa mikono miwili, analia, anacheka, amelowa, na kwaya ikaanza wimbo ambao haukupangwa na mtu.

Tulimchanja mistari midogo kama ulivyotufundisha, tukamkaanga, na kila mtu aliyekuja kukuondolea matanga akapata kipande cha ukubwa wa kucha. Hakuna aliyelalamika.

Jumapili Mjomba Bagula alifunga kamba zake zote juu ya trela tupu. "Iko na mwenyewe," alisema. "Miye nitakuwa nakuya kuiangalia." Tunasikia kwamba huko Louisville samaki wa Papa ameshafika urefu wa trela.

Na habari yenyewe ndiyo hii, Mama, hatuwezi kungoja tena. Leo asubuhi upepo umegeuka. Tulimuuliza Papa kama atatoka tena majini. Hakusema siku ingine. Aliuliza soksi zako nene ziko wapi.

Tumempa. Zinambana, lakini amezivaa, yuko nazo hapa mezani. Ameniagiza niandike kwamba samaki wake ni mkubwa kuliko wote uliowahi kuvua wewe. Nimeandika. Mwenyewe unajua ukweli.

Wanaokukumbuka ni mume wako Salomon Birindwa. Binti zako Gentille wa Tonawanda na Précieuse wa Westerville. Mdogo wako Bagula wa Louisville na wadogo zako wote. Mjukuu wako Hadassa, ambaye sasa anataka fimbo yake mwenyewe. Rafiki yako Angelika. Na kwaya, ambayo Jumapili imepata tena mwimbaji wake wa sauti ya chini.

Kila maji yatakapopoa, Mama, tutakuwa kijitoni, na tutakukumbuka.