Ampli ya Lampe ya Vieux Henri

Jumatatu, tarehe 4 novemba 2024

Nimeshinda ku soko, ku duka ya Eddy, kichwa inaniuma. Concert ya Uvira ni tarehe 23. Bamesema wazi: kila groupe ikuye na ampli yake. Siye hatuna. Ile yetu ilikufa siku ya Pasaka, moshi ikatoka nyuma, na kanisa nzima ikasema ni shetani ya rock. Ajabu! Shetani alikaa mule myaka ine na hakuna mutu alimulalamikia.

Eddy iko na mbili mupya. «Yaya Arlette, hii ni watt mia tatu!» Anataja watt vile mutu anataja kilo ya ng'ombe. Hapa kwetu kila mutu anachagua ampli vile: basi isikilike mupaka ng'ambo ya barabara, bamama ya nyuma kabisa basikie. Njo maana chorale zote za kanisa mu Fizi zinalia sawasawa — safi, kali, bila damu. Nikafunga gitare yangu ku ampli, nikapandisha sauti. Inzi mu chupa. Nikajaribu ya pili. Inzi mbili.

Mi natafuta ile sauti ya rock ya zamani. Ukigusa kamba polepole, inasema. Ukipiga na nguvu, inapasuka — lakini inapasuka na utamu, inabaki, inalia, inakataa kukufa. Ile inatoka ku ampli ya lampe, yenye taa ya kioo ndani, siyo ku makopo ya Eddy. Na muji nzima ya Baraka iko nayo moja tu: ya vieux Henri, ule muzee mupiga gitare. Banasema mapafu yake imekwisha.

Kesho nitamupelekea samaki. Nisijidanganye, hapa hakuna mutu anasoma: siendi kumuona mugonjwa.

Jumanne, tarehe 5 novemba

Mikeke ine, minene. Mama Émilienne, bibi yake, alizipokea bila kuniangalia.

Vieux amebaki mifupa. Mupira mu pua, na kando ya kitanda mashini ya oxygène, mutoto yao Léa aliituma toka Amerika. Inavuma muchana na usiku. Inakula moto ya umeme, ya batri mbili na panneaux ya jua juu ya nyumba, hakuna kingine.

Na ampli? Iko! Mu kona, na kitambaa juu, na juu ya kitambaa beseni ya bunga ya muhogo. Meza! Nilitaka kulia. Ampli ilipiga Kalemie wakati vieux alikuwa na nywele mingi na bibi ya watu. Mu vita alivuka nayo ziwa mupaka kambi ya Nyarugusu. Aliacha kitanda, aliacha mbuzi, akabeba ampli. Mama Émilienne hajamusamehe mupaka leo, njo maana ya bunga.

«Cheza,» akasema vieux. Nikacheza vile vile, bila moto. Akacheka mupaka akakohoa. «Unacheza kama mutu anaangalia mulango.»

Nikauliza tuiwashe. Mama Émilienne akajibu kabla ya vieux: batri inabeba kitu moya. Bwana yangu, ao ile sanduku. Chagua.

Nikasema pole, mama. Lakini nilichagua, mu roho.

Alhamisi, tarehe 7 novemba

JUA! Jua ya kuchoma kichwa! Saa sita panneaux ilibeba vyote mbili, mashini na ampli. Vieux mwenyewe aliamuru. Nikatosha beseni, nikaiweka chini. Lampe ikaanza kuwa nyekundu kidogo kidogo, na harufu ya vumbi ya moto ikajaa nyumba. «Usiguse bado. Ngoja ipate moto. Sasa pandisha sauti. Pandisha tena! Lampe haisemi ukweli mupaka uisukume.»

Nikapiga kamba moya.

Mungu yangu. Ilinipiga mu kifua, ikabaki pale, ikalia, mi nimekwisha kuacha na yenyewe inaendelea. Batoto ya jirani balikuya mbio. Miaka kumi nilitafuta ile sauti na ilikuwa chini ya bunga ya muhogo! Machozi ilinitoka. Vieux akasema: «Unalia bure, kamba yako imelegea.»

Halafu akaniambia mambo yote. Mupwa yake Dany, ule wa Mboko, amekuya mara mbili kuangalia bitu ya nyumba na macho ya mununuzi. Vieux akikufa, Dany atapasua ampli, atatosha haut-parleur, ile inatoa sauti, kwa chorale yake. Kwetu zawadi ya mugonjwa haina karatasi. Anaisema na kinywa yake mbele ya bazee ya familia. Kama hakusema, siku ya kumaliza matanga familia inabeba vyote, na we mugeni unasindikiza na macho.

«Nitasema,» akaniambia. «Lakini kwanza bazee basikie yenyewe, na we ukiipiga, moto yote. Juma pili.»

Nimerudia ku barabara nikiimba. Mutu wa pikipiki akanipigia klaksoni, akaniita kichaa.

Ijumaa, tarehe 8 novemba

Mvua.

Jumapili, tarehe 10 novemba

Mvua tena. Mawingu imekaa juu ya ziwa kama imelipa kodi. Batri iko chini. Bazee wawili balikuya na Dany, bakakaa, bakanywa chai ya Mama Émilienne, bakangoja. Ampli haikuwaka. Nikamusihi vieux: sema tu, papa, bako hapa, sema!

Akageukia bazee. Alikuwa anafurahi, mubaya ule!

«Bazee, muangalie huyu mutoto. Anangoja nikufe. Kila siku anahesabu pumzi yangu. Nyinyi wote munangoja, lakini ye peke yake hanidanganyi.» Kicheko. Kikohozi. «Sitasema mupaka muisikie kwanza.»

Bazee wakaniangalia kama nimekojoa mu nyumba. Dany akatabasamu. Na Mama Émilienne, ku mulango, polepole, bila hasira: «Unamuletea samaki vile mutu analisha kuku ya kuchinja ku Noël. Mi naona.»

Ni kweli. Nilifika kwangu, nikavunja sahani. Ilikuwa sahani nzuri.

Jumatano, tarehe 13 novemba

Dieumerci, mupiga ngoma yetu, amekasirika. Anasema nichukue ile ya Eddy tumalize. Ku Uvira nani atajua? Batu bataruka, batakunywa, batarudi kwao.

— Mi nitajua.

— We na masikio yako ya kizungu!

Nikarudia kwa Eddy. Nikajaribu tena, na roho nzuri kabisa, naapa. Nikageuza kila kifungo. Inzi. Yule vieux ameniharibia masikio na kamba moya! Nikatoka na gitare ikining'inia ku bega, Eddy anaendelea kutaja watt.

Nikapita kwa vieux. Midomo yake imekauka, sauti imepungua. Jana batri ilizimika mbele ya alfajiri, na convertisseur, ile inageuza moto ya batri, ikakataa kuwaka tena mupaka mwangaza ilipotoka. Mama Émilienne alimupepea na kifuniko ya sufuria mupaka asubui. Aliniambia hiyo macho yake mekundu, mi nikauliza: na leo batri ikoje?

Ule swali! Nilijisikia mi mwenyewe. Mama akafunga mulango.

Nilisali usiku. Niliomba jua. Nilifika ku amina mbele ya kukumbuka kwamba mapafu pia inaombewa.

Mvumilivu anakula mbivu, banasema. Hawakusema kama mbivu ni mutu.

Jumamosi, tarehe 16 novemba

Naandika hapa hapa kwa vieux, gitare ku magoti. Nisipoandika nitapiga makelele.

Asubui alituma mutu kuniita. Mawingu bado, batri kidogo sana. Akasema leo ao basi, kesho hatakuwa na kinywa. Mama Émilienne akakataa, akapiga magoti, akamushika miguu. Vieux akamuambia: «Mwanamuke, nenda uite bazee.» Akaenda analia. Alinipita bila kunisalimia.

Vieux akanionyesha waya na kidole. Nikasema tungoje bafike, papa. Akasema lampe ya baridi haina sauti, na bazee hawatasimama kungoja sanduku ipate moto; bakiingia, bakute iko tayari. Anasema mambo ya ampli kama docta anasema mambo ya dawa. Na ni kweli, lampe inataka muda.

Nikatosha waya ya mashini. Mi njo nilitosha, siyo ye. Ikapiga kelele moya, ikanyamaza. Nikafunga waya ya ampli. Convertisseur ikawaka nyekundu lakini ikabeba. Lampe ikapata moto. Nikagusa kamba polepole kabisa, na ilikuwepo. Yote. Vieux akafunga macho, akatabasamu, kidole yake ikatembea juu ya blanketi.

Sasa nangoja bazee.

Dany ametokea ku mulango. Bazee bamefika, anasema, bako nyumba ya tatu. Lakini mama ya jirani Adolphine alikufa jana, matanga iko pale ku barabara, na mutu hapiti ku matanga bila kukaa. Bamekaa. Mama Émilienne pia, lazima akae. Dany anasema hiyo na sauti tamu sana. Nikamuambia akimbie, abaambie bafanye haraka, vieux iko bila oxygène! Anasema bazee hawakimbizwi ku matanga, ni matusi. Ameketi ku kizingiti. Anangoja. Vieux akikufa mbele ya kusema, ampli ni yake.

Naona kila kitu toka hapa. Bamepewa viti.

Nikirudisha mashini, batri haitapandisha ampli tena leo. Kesho sijui kama kutakuwa na kesho. Wiki ijayo njo Uvira.

Midomo ya vieux inageuka rangi. Pumzi ni fupi, kama mutu anapanda mulima. Nimeinama ku sikio yake, nikauliza: papa, nirudishe waya?

Akasema eee.

Polepole. Dany hakusikia. Mi nilisikia.

Waya iko hapa, ku muguu yangu. Dakika moya tu, vieux. Bazee wanasimama, naona kofia — hapana. Mutu amebaletea chai. Mama Émilienne anaangalia huku, lakini hawezi kutoka mbele yao.

Ngoja kidogo. Lampe iko muzuri sana sasa, inavuma, hata bila kugusa kamba inavuma.

Amesema tena eee.