Mawese Ndani ya Ponti ya Nyuma

Baraka, tarehe 12 Machi 2000

Kwa mdogo wangu Isidore, kambini Lugufu,

Ninakusalimu wewe, mke wako Dorothée na watoto wote. Je, Dorothée amepona kile kikohozi cha mwezi wa Krismasi? Je, mmepewa turubai jipya, au mngali mnalala chini ya lile lililotoboka? Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo halitaki tena kukunjwa. Namshukuru Mungu kwa mengine yote.

Mama Pulchérie, ambaye huvusha mawese kwenda Kigoma na kurudi na sabuni, alinikabidhi kopo la mafuta ya ponti ya lori lako ulilonitumia, likiwa zima. Najua umeuliza juu yake kwa kila mtu anayevuka ziwa. Nitakueleza habari za kopo hilo hapa chini, kila jambo mahali pake.

Hapa mtaani nyumba nyingi zimefungwa. Kwa jirani yetu Espérance mapapai yanaanguka na kuoza, wala hakuna wa kuyaokota. Shule haijafunguliwa. Napika asubuhi, nakula nusu, na jioni nakula nusu iliyopoa. Baada ya hapo nilikuwa na desturi moja ambayo sikuwahi kukuandikia. Nilikuwa naingia ndani ya lori lako, nafunga mlango, nasikiliza redio kwa sauti ndogo. Niliketi upande wa abiria, maana kiti cha dereva ni chako. Humo ndani harufu ya tumbaku yako ilikuwa bado haijatoka. Mtu angeweza kudhani kwamba dereva ameshuka kidogo kununua kitu.

Kama nilivyokuarifu, mvua za Januari zilijaza uwanja wetu maji mpaka nusu ya magurudumu. Uliniagiza nibadilishe mafuta ya ponti ya nyuma, nami nikayafuata maagizo yako neno kwa neno. Sikuwasha injini ili kuyapasha moto, kwa sababu wenye bunduki wakisikia injini huja kuiangalia. Niliweka mbabula yenye makaa machache chini ya ponti, lile boga la chuma lenye gia kati ya magurudumu ya nyuma, nikangoja, kisha nikaiondoa. Nilifungua kwanza bushoni ya juu, kile kizibo cha kujazia, ndipo nikafungua ya chini, ili nisije nikamwaga mafuta halafu nikashindwa kufungua pa kujazia. Yalitoka meupe kama chai ya maziwa. Maji yalikuwa yameingia, kama ulivyohofu. Nilipangusa bushoni ya chini, nikaikaza. Nilikuwa bado nimelala chini ya lori, kopo lako likiwa ndani ya nyumba, nilipoona viatu vya askari vimesimama karibu na kichwa changu.

Alikuwa Vainqueur, yule aliyekuwa akiendesha gari dogo la samaki, ambaye sasa anawaendeshea wenye bunduki. Alikuwa na wenzake wawili. Alinisaidia kuinuka, akanipangusa mgongo kwa adabu, akaniuliza habari zako. Nilimjibu kwamba uko ng'ambo. Akasema kwamba hilo analijua, na kwamba anajua pia kuwa utarudi kabla ya Pasaka kwa ajili ya lori, kwani wafanyabiashara wa Misisi wanatafuta magari. Isidore, jambo hilo ulimwambia nani? Mimi nililisikia kwa Mama Pulchérie peke yake, naye aliniambia sikioni.

Vainqueur alinieleza mambo waziwazi, kama mtu anayemfanyia mzee hisani. Mkubwa wao anataka lori la kupeleka mizigo Lulimba. Yeye Vainqueur amezoea barabara ya tambarare tu, si ya milima kama hiyo, kwa hiyo wameona ni heri kungoja. Mwenye lori akirudi, watapata lori na dereva kwa pamoja. Nilimuuliza habari za Guy wa Nundu, ambaye walimchukua pamoja na gari lake mwezi wa Septemba. Alitazama pembeni, akasema kwamba Guy bado yuko kazini. Unajua kwamba mke wa Guy amekwisha kunyoa nywele kama mjane.

Nililitazama lori, nikaona kwamba halikuwa lori tena. Lilikuwa chambo.

Nikamwambia kwamba ndugu yangu hatarudi, na kwamba kama mkubwa wao ana haraka, walichukue leo hii. Walitazamana. Niliongeza, nami sikusema uongo, kwamba ponti ya nyuma ilikuwa tupu, haikuwa na tone la mafuta. Vainqueur alicheka. Naandika maneno yake kama alivyoyatamka:

"Mwalimu, weye unajuaka ba-verbe ya masomo tu. Tia mawese. Ponti iko inakunywa mafuta yote."

Hapo nilikukumbuka ukisimulia mezani kwamba tangu mafuta yalipokosa kufika kutoka Uvira, madereva wengi wanatia mawese, na kwamba mawese yatakufikisha Nundu, lakini mlimani, gari likiwa na mzigo, yanachemka, yanakuwa mepesi kama maji, na meno ya ponti yanatafunana. Niliingia jikoni, nikatoka na dumu langu la mawese, nikayatia mwenyewe kwa utulivu mpaka yakafika kwenye ukingo wa tundu la juu na kuanza kuchuruzika, kama ulivyonifundisha. Nilikaza bushoni. Nikawatakia safari njema.

Lori lilikufa kwenye mlima wa kupanda Fizi, likiwa limepakiwa mpaka juu. Wameng'oa magurudumu na betri, na mabati ya nyuma yameezeka banda la mtu. Vainqueur alipita kunisalimu wiki iliyofuata, wala hakuwa na hasira. Alisema kwamba lori lilikuwa limezeeka, na kwamba ponti ilinukia sombe, kama majani ya muhogo yaliyopikwa kwa mawese, tangu chini mpaka juu, hata walinzi wakaona njaa. Nilicheka pamoja naye. Alipoondoka nilijikuta sina mahali pa kwenda kuketi.

Sasa nikuambie lile ambalo limenifanya niandike. Ulidhani kwamba kwa miaka hii nimelitunza lori lako kwa uaminifu wa ndugu. Sivyo. Nilijua kwamba si kwa ajili yangu ungevuka ziwa katikati ya vita hii, bali kwa ajili ya lori ungevuka. Kila nilipoilainisha bolti au kuifunika injini, nilikuwa nakuita. Ulipoleta habari kwamba unakuja, nilifurahi kama mtoto, nikafagia chumba chako.

Kopo lako liko chini ya kitanda changu. Halijafunguliwa. Lilikuwa hatua chache kutoka pale nilipokuwa nikimimina mawese.

Kwa hiyo usije. Hakuna kitu chako kilichobaki Baraka isipokuwa kopo hilo, na kopo mimi naweza kulilinda. Pale lilipokuwa limesimama lori pamebaki doa jeusi, na majani hayaoti.

Nisalimie Dorothée, umkumbushe kunywa maji ya moto. Nisalimie watoto, wasiache kusoma. Barua hii nampa Mama Pulchérie mkononi. Ukiisha kuisoma, itie motoni.

Ni mimi kaka yako, ambaye bado namwombea kila abiria wa ziwa,

Nicolas